Mbuni ya Mkebe wa Nne

Wangechi, mama yangu niliyekuzaa mwenyewe,

Ugali haukuwa unaungua. Alhamisi ulipokuwa umeketi kitandani ukikunja nguo zako, ukaniuliza bila hata kuinua macho, "Mama, kwa nini ile siku uliitoa mbuni yangu mkebeni?", mimi nilisema ugali unaungua, nikakimbilia jikoni. Maji yalikuwa bado hayajachemka. Unga ulikuwa kwenye pakiti. Nilisimama pale nikikoroga maji matupu kwa mwiko, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mwalimu mwandamizi, nimemkimbia mtoto wangu.

Leo ni Jumapili, saa tisa hivi za alasiri. Wewe na dada yako Nyambura mmeshuka Karatina kununua godoro na sanduku la bati. Baba yako amejinyoosha baada ya kanisa na anakoroma. Mimi nimekaa sebuleni na daftari la shule, na kesho asubuhi unaondoka kwenda Maralal, halafu mbele zaidi, mpaka hiyo shule yako ya kwanza ambayo ramani ya simu imeshindwa kuionyesha. Nina muda wa kukujibu kabla hamjarudi, mradi niache kukimbia.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Gikuyu kingeniliza kabla sijafika ukurasa wa pili, na Kiingereza kingenifanya nikuandikie ripoti. Mambo ya blanketi na sufuria na chaja dada yako ameshakuandikia orodha, tena amepiga mistari kwa kalamu nyekundu, kwa hivyo hayo nayapita. Unajua kuosha nguo. Unajua kupika. Sina la kukufundisha hapo.

Wacha nianze mbali kidogo, maana ulikuwa darasa la tano na kuna mengi hukuyaona.

Mwaka ule ulikuwa mwanafunzi wangu, na ulijitahidi sana usiniite Mama mbele ya wenzako. Nilikuwa nimetoka semina Nyeri mjini, ambako tuliambiwa kwamba mtoto hajifunzi takwimu kwa kunakili nguzo zilizochorwa kitabuni. Aende akaulize watu, arudi na majibu, ayapange, ayachore, kisha aseme yana maana gani. Nilirudi nimewaka moto. Kila wiki darasa lilikuwa na nafasi tupu kwenye madawati, na mimi nikaona swali langu ndilo hilo: watoto wasiokuja shuleni wako wapi? Nikawagawa nyinyi watatu watatu, kila kundi na daftari moja, nikawatuma kwenye nyumba za karibu, kuanzia barabara ya Gakindu hadi kule mtoni. Swali la kwanza nililiandika ubaoni mwenyewe, kwa mwandiko wa kujivunia: "Mko na watoto wangapi hapa nyumbani?"

Wangapi, ati. Mimi, niliyelelewa na mama ambaye hakuwahi kuhesabu hata kuku wake kwa sauti.

Unakumbuka mlivyorudi. Kundi moja lilifukuzwa na nyanya mwenye mwiko mkononi. Lingine liliulizwa, "Nani amewatuma kuhesabu watoto ya watu kama mbuzi ya soko?" Mzee mmoja alisema watoto wake ni tisa waliojaa, na nyinyi mkaandika tisa, kumbe hivyo ndivyo wazee wetu wanavyotaja kumi wasipotaka kuitamka. Nyumba nyingine, ambayo najua kabisa ilikuwa na watoto sita, ilijibu, "Wako tu, Mungu amesaidia." Na kwenye daftari, chini ya safu ya idadi, mtoto fulani mwaminifu akaandika: wako tu.

Jioni nilipita kwa Cucu wako, mama yangu, ambaye jina lake ndilo ulilopewa, ndiyo maana nakuita mama. Nilimlalamikia kwamba watu wa hapa hawataki elimu. Alikuwa anapepeta mbuni kwenye ungo, zile kahawa zilizokauka na ganda lake ambazo hakuzipeleka kiwandani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ni wewe hutaki elimu," akasema. "Umezaliwa hapa. Ni lini ulisikia mtu akiulizwa watoto wake ni wangapi? Ukihesabu watoto unaonyesha kifo mlango. Uliza ni akina nani. Hakuna mzazi atakataa kutaja mtoto wake."

Halafu akachota mbuni kwa kikombe, akanimiminia kwenye mfuko wangu wa vitabu, juu ya vitabu hivyo hivyo. "Kila jina, mbuni moja," akasema. "Ukitaka kuhesabu sana, hesabu mbuni."

Nilikuwa na cheti cha ualimu na miaka ya kutosha ubaoni, na somo hilo nililipata kwa mwanamke ambaye alitia sahihi kwa dole gumba. Nakuambia hivi kwa sababu nimesikia kwamba huko unakokwenda pia mtu haulizwi ng'ombe wake ni wangapi. Utakuwa mgeni kweli, wewe, na mgeni akikosea anasamehewa. Mimi nilikosea nikiwa nyumbani kwetu.

Tulianza upya. Mliuliza ni akina nani wanaosoma katika nyumba hii, ni yupi hakwenda shule wiki hii, na kwa nini. Nyumba zilifunguka. Watu walitaja mpaka walio Nairobi na walioolewa Kagio, na nyinyi mkarudi mmechelewa, mikono imejaa ndizi. Kesho yake nikapanga mikebe minne ya mafuta ya kupikia juu ya meza yangu. Wa kwanza ulikuwa wa ugonjwa. Wa pili ulikuwa wa mvua na barabara. Wa tatu ulikuwa wa sare na viatu. Wa nne ulikuwa wa kahawa. Mtoto anasoma jina, anataja sababu, anadondosha mbuni mkebeni.

Wangechi, nimefundisha miaka thelathini na mbili. Hilo ndilo somo bora nililowahi kufundisha na sitakubali mtu aniambie vingine. Watoto arobaini na kitu, kimya, wanasikiliza mbuni zinavyogonga bati. Na kadiri muda ulivyosonga, mkebe wa nne ukaacha kulia kama bati, kwa sababu mbuni zilikuwa zinaangukia mbuni nyingine.

Kila mtu alijua sababu. Kiwanda kilikuwa kinapokea kahawa Jumanne, na kahawa iliyoiva huchumwa na kupelekwa siku hiyo hiyo, la sivyo inaharibika. Jumanne mashamba yanataka mikono. Shamba lililotaka mikono mingi kuliko yote lilikuwa ng'ambo ya mto, la mwenyekiti wa bodi ya shule yetu, aliyewalipa watoto kwa debe na kuwapa chai. Hayo yote tulikuwa tunayajua. Tulikuwa hatujawahi kuyaona yamelundikwa mahali pamoja.

Kisha ukasimama wewe. Ulisema, "Wangechi. Kahawa," ukadondosha mbuni yako kwenye mkebe wa nne, ukarudi kuketi bila kuniangalia.

Ilikuwa kweli. Wiki ile kahawa yetu ilikuwa imeiva, vibarua wote walikuwa wamevuka mto kwa mwenyekiti, na Jumanne asubuhi nilikuambia ubaki umsaidie Cucu. Haikuwa mara ya kwanza. Jumanne tatu mfululizo nilikuacha kwenye miti ya kahawa ukiwa na kikapu shingoni, nikaenda shuleni kuita majina ya watoto wa wenzangu na kuuliza kwa hasira kwa nini hawapo. Kwenye jina lako niliandika: mgonjwa.

Wakati wa mapumziko mlitoka. Nilibaki na ile mikebe minne. Nikaingiza mkono kwenye mkebe wa nne, nikaitoa mbuni moja, niipeleke kwenye ule wa ugonjwa. Sikujua kama ni ile yako hasa, zote zinafanana. Lakini nilijua ninatoa jina la nani. Hapo ndipo ukarudi kuchukua sweta, ukasimama mlangoni.

Ulichukua sweta ukatoka. Na mimi nilikuwa bado nimeishika ile mbuni. Nikaona haya kuiweka kwenye mkebe wa ugonjwa, nikaona haya kuirudisha, nikaitia mfukoni. Kwa hivyo kwenye chati ile hukuwa mgonjwa na hukuwa shambani. Hukuwa popote, na aliyekutoa ni mama yako mzazi.

Umeuliza kwa nini. Kwa miaka nilijiambia kwamba niliogopa kazi yangu. Si kweli. Siku ile hakuna aliyekuwa amenitisha, mwalimu mkuu hakuwa hata ameiona mikebe. Niliona aibu, basi. Sikutaka wenzako wajue kwamba mwalimu anayewauliza mlikuwa wapi Jumanne ndiye aliyempeleka mtoto wake shambani. Nilitaka nguzo ya kahawa iwe ndefu, lakini iwe ya watu wengine.

Yaliyofuata uliyaona nusu. Tulichora chati kwenye karatasi ya manila, nguzo nne, ya kahawa ikawa ndefu kuliko zote. Alasiri mwalimu mkuu aliingia, akaitazama, mikono yake ikiwa nyuma. Alikuwa mtu mpole, sitamsema vibaya. Alisema, "Mwalimu, siku ya wazazi mwenyekiti atakuwa hapa. Hii ya kahawa punguza kidogo. Kidogo tu, iwe chini ya ugonjwa."

Ningemkatalia, Wangechi. Ninajua mdomo wangu, na wewe unaujua. Lakini ningemkatalia kwa maneno gani, na mbuni yako ilikuwa ndani ya mfuko wa sketi yangu? Mkono ulikuwa umeshajifunza njia. Usiku wake nilichora karatasi nyingine, na kesho yake ikawa ukutani, kahawa fupi, ugonjwa mrefu.

Mtoto mmoja aliinua mkono, yule aliyekuwa akiketi karibu na dirisha na kutafuna penseli. "Mwalimu, lakini jana kahawa ilikuwa juu."

Nami nikasema, "Mlihesabu vibaya."

Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Kupunguza nguzo ni uongo wa karatasi, na karatasi inachanwa. Lakini niliwaambia watoto waliodondosha mbuni kwa mikono yao, waliozisikia kwa masikio yao, kwamba hawakusikia. Na waliniamini. Niliwaona wakiniamini. Yule wa dirishani alifuta daftari lake kwa mate na kidole mpaka karatasi ikatoboka, akaandika idadi yangu. Wewe peke yako hukufuta. Jioni nilifungua daftari lako na nguzo ya kahawa ilikuwa palepale ilipokuwa, ndefu, umeipaka rangi ya kahawia mpaka mwisho. Nikaweka alama ya vema, nikalifunga. Hatukulizungumza tena mpaka Alhamisi iliyopita.

Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo. Mwalimu mwandamizi. Mlichinja kuku, unakumbuka, na baba yako akaomba sala ndefu. Kuku yule sikummeza vizuri.

Tangu hapo nikawa mwalimu wa matunda. Kila mwaka, somo la data likifika, nilikuwa nawauliza watoto wanapenda tunda gani. Maembe, ndizi, mapera, parachichi. Hakuna mwenyekiti anayeudhiwa na parachichi. Chati zangu zilikuwa safi, zina rangi, wakaguzi walizipiga picha. Watoto walijifunza kuhesabu vizuri kabisa jambo ambalo hakuna mtu alitaka kulijua.

Halafu ukaja shuleni kwetu kufanya mazoezi ya kufundisha. Ulikaa nyuma ya darasa langu na kile kidaftari chako cha chuo, ukaangalia somo zima la matunda. Tukiwa njiani kurudi nyumbani ukasema, "Mama, unafundisha vizuri. Lakini hakuna mtoto aliyeuliza kwa nini." Nilikujibu vibaya. Nilisema vitoto vya siku hizi mkipewa cheti mnafikiri mmegundua maji. Ukacheka, ukabeba mfuko wangu, tukaendelea kutembea. Lakini ulikuwa umenigusa pale pale, na ulijua.

Ndiyo maana muhula huu niliitoa mikebe. Uliona nikiitoa stoo, hukuuliza. Gredi ya Sita, mikebe minne, na mbuni nikaomba kwa jirani, maana Cucu hayuko tena. Wakauliza majina. Wakadondosha. Mkebe wa nne ukajaa, baada ya miaka yote hiyo, na mashamba ni yale yale, na mwenyekiti wa bodi sasa ni mtoto wa yule wa zamani.

Lakini mara hii sikuishia kwenye nguzo. Niliwauliza: hii inamaanisha nini? Mtoto wa kwanza akasema wazazi wa kahawa ni wabaya. Darasa zima likamgeukia, maana wengi wao ndio watoto wa hao wazazi. Nikamwuliza ameona wapi ubaya kwenye chati, anionyeshe kwa kidole. Akatafuta, hakuuona. Mwingine akasema ni uvivu. Nikamwambia aje achume madebe mawili kisha arudi aseme hivyo. Halafu msichana mmoja, mdogo kuliko wote, ambaye nilidhani hata hafuatilii, akaomba wapange zile mbuni upya, si kwa sababu, kwa siku. Wakazimwaga sakafuni wakazipanga na daftari mkononi. Jumatatu chache. Jumatano chache. Jumanne ikajaa mpaka mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "si watoto. Ni Jumanne."

Niligeuka nikajifanya nafuta ubao. Ubao ulikuwa safi.

Wakaandika barua wenyewe, kwa mwandiko wao na makosa yao, kwenda kwa kiwanda cha kahawa, wakiomba kahawa ipokewe Jumamosi. Wakaichorea chati chini yake. Mimi sikubadilisha hata herufi. Waliibandika pale kiwandani karibu na mizani, ambapo wakulima wanapiga foleni, na wakulima wakaisoma maana foleni ni ndefu na hakuna kingine cha kusoma. Haikupita wiki mwenyekiti alinipigia simu. Ati nimetumia watoto kumchafulia familia jina. Hakuna jina kwenye ile barua, Wangechi. Kuna siku tu. Alijiona mwenyewe ndani ya Jumanne.

Basi nimeitwa Jumatano, saa nne asubuhi, mbele ya bodi. Hilo unalijua. Usichokijua ni wanachotaka, kwa sababu sikuwaambia nyinyi. Si kuibandua barua tu. Wanataka nisimame mbele ya Gredi ya Sita niwaambie kwamba walihesabu vibaya.

Maneno hayo hayo. Hakuna aliyewaambia kwamba niliwahi kuyasema, wameyapata wenyewe. Nafikiri ndiyo maneno ambayo watu wa aina hiyo hufikia kila wakati.

Nyambura anasema niombe msamaha, nimebakisha miaka minne nistaafu, nitunze pensheni yangu. Anasema kwa mapenzi, simlaumu. Baba yako hajasema kitu, lakini jana alinipigia pasi ile nguo yangu ya buluu bila kuombwa, na yule mwanamume hajashika pasi tangu tuoane. Na wewe nimekusikia jikoni ukimwambia dada yako kwamba utaahirisha safari, uwe nami Jumatano.

Hapana. Sikiliza, mama. Kesho utaondoka. Kuna watoto huko wameambiwa mwalimu anakuja, na hawatajali kwamba mama yako ana matatizo na bodi. Ukibaki unishike mkono, nitaingia mle ndani nikiwa mzee anayesindikizwa. Nataka niingie peke yangu na kelele zangu. Sijawahi kuitwa mahali nikafurahi hivi. Wanifanye nini? Wanihamishe? Naujua mguu wangu, utanifikisha shule yoyote ya Mukurweini. Wanivue uandamizi? Walinipa kwa sababu ya chati ya uongo, wauchukue, nitalala vizuri zaidi. Watoto wale hawatasikia kutoka kinywani mwangu kwamba walihesabu vibaya. Niliwahi kulisema hilo mara moja, na sitalisema mara ya pili hata waniletee mwenyekiti na baba yake kutoka kaburini.

Usinione shujaa, tafadhali. Ukianza kuniona shujaa utanifanya nirudi kukoroga maji. Mimi ni mtu aliyechelewa sana, na aliyecheleweshwa na kitu kidogo kama mbuni. Ndiyo maana nakusimulia. Siku moja huko kwako mtu mpole ataingia darasani, mikono nyuma, atakuomba upunguze kidogo. Kama ni mpole hutamwogopa, utamhurumia, na hapo ndipo pagumu. Sijui utafanya nini. Lakini chunguza kwanza kama mfukoni mwako mna kitu, maana mimi siku ile nilishindwa na changu mwenyewe, mtu mpole alikuta kazi imeshafanyika.

Na ukikosea, na utakosea, waambie watoto. Mimi nilidhani mwalimu akikiri mbele ya darasa heshima itaisha. Muhula huu, kabla hatujafungua mikebe, niliwaambia Gredi ya Sita kwamba miaka ya nyuma niliwahi kubadilisha hesabu ya wanafunzi wangu. Sikusema jina la mtu. Walinitazama. Mmoja akauliza, "Kwa hivyo hii mara tutaweka sisi kwa ukuta?" Nikasema ndiyo, mtaweka nyinyi. Hiyo ndiyo heshima yote iliyopotea.

Sasa jibu lako lina kipande cha mwisho.

Ile mbuni ninayo. Imekaa kwenye mkebe wangu wa sindano na vifungo tangu mwaka ule. Umewahi hata kuishika, ulipokuwa unatafuta kifungo cha sare ya sekondari, ukaniuliza inafanya nini humo, nikasema imeanguka tu. Huo nao ulikuwa uongo, ongeza kwenye hesabu yangu. Imekauka sana, ukiitikisa karibu na sikio unaisikia ndani ya ganda.

Jumatano nitakwenda na ule mkebe wa nne, ule wenyewe wa zamani. Nitauweka juu ya meza yao kabla hawajafungua kikao kwa maombi. Wakiniambia nieleze kuhusu watoto wanaoacha shule kwenda kuchuma kahawa, nitaanza na mmoja. Nataka kumtaja jina, kama Cucu alivyosema mtu hutajwa. Nataka kusema alikuwa na miaka kumi na moja, hakuwa mgonjwa, na aliyempeleka shambani Jumanne tatu ni mwalimu wake, ambaye ni mimi. Wakishalisikia hilo kutoka kwangu, hakuna mtu kwenye ile meza atakuwa na kitu cha kunitishia.

Lakini jina ni lako, na nilishawahi kulitoa mahali bila kukuuliza. Kwa hivyo safari hii nauliza. Nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako jipya mkirudi. Isome kabla ya chakula. Kama hutaki nikutaje, niambie tukiwa mezani, mbele ya dada yako na baba yako, na hata sauti ikipanda sitasema ugali unaungua. Nitatafuta njia nyingine na sitakuuliza sababu.

Na kama unakubali, usiseme kitu. Kula, lala, uende zako kesho. Jumatano saa nne, ukiwa umesimama mbele ya darasa lako la kwanza, nitasema, "Wangechi. Kahawa," na nitairudisha mbuni yako pale ulipokuwa umeiweka.

Mimi, mama yako.